Mguu wangu, broka wa wodini na loya wa bure: uzoefu wangu Tororo

Kabla sijafika kwa loya wa bure, nianze na broka aliyenipotezea muda, maana huenda na wewe yuko njiani kuja kwako. Alinikuta wodini siku ya tatu baada ya ajali, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka pajani. Alishika faili la kahawia na kutupa pole kwa sauti ya msibani. Akasema kesi za ajali za barabara ya Malaba ndiyo kazi yake, tumpe laki 3 za kufungua faili, na pesa zikitoka tugawane nusu kwa nusu. Mume wangu akampa laki na nusu. Zaidi ya mwaka mzima kila tukipiga simu faili liko kwa hakimu. Baadaye nilikuja kujua hakukuwa na faili, na huyo bwana si wakili, ni broka, yaani dalali wa kesi tu. Wapo karibu kila hospitali iliyo kando ya barabara kuu. Wakili wa kweli hapa Uganda ana cheti cha kufanyia kazi kinachotolewa upya kila mwaka na Msajili Mkuu wa Mahakama, na hakasiriki ukimwomba akuonyeshe.

Ajali yenyewe ilikuwa Februari 2023. Nauza vitenge sokoni, siku hiyo nilikuwa narudi na boda, pikapu ikatoka upande wa pili kulipita lori na kutugonga. Mfupa wa muundi ulivunjika mara mbili. Dereva hakukimbia, namshukuru Mungu, na namba ya gari iliandikwa.

Baada ya broka nikaenda kwa loya halali, mjini Mbale. Mtu wa heshima, alinisikiliza nusu saa nzima. Nilipomwambia nitamlipa tukishinda, akatikisa kichwa. Sheria ya mawakili haikubali makubaliano ya kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Akataka milioni 2 za kuanzia. Milioni 2, kwa mtu ambaye vitenge vyake vilikuwa vimeuzwa vyote kulipia vyuma vya mguu! Lakini alinipa kitu kimoja cha bure, tarehe. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu yana miaka 3 tu tangu siku ya ajali. Kama aliyekuumiza ni gari la serikali, ni miaka 2. Nilikuwa nimeshatumia mwaka na nusu.

Kituo cha msaada wa kisheria nilikisikia kwa mwanamke mwenzangu sokoni, aliyekwenda kwao kwa kesi ya shamba. Nilikuwa nadhani msaada wa bure ni wa wafungwa peke yao, na kweli yule wakili anayelipiwa na serikali ni wa mashtaka mazito ya jinai. Ila yapo mashirika ya madai ya kawaida pia. Chama cha Mawakili Uganda kina mradi wake tangu 1992, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wapo tangu 1974 hasa kwa wanawake, na mahakama ina vituo vyake katika baadhi ya miji. Mimi nilihudumiwa na kimoja kati ya hivi vya bure. Sitasema kipi, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia.

La kulalamikia kwanza. Foleni. Mara mbili niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na magongo yangu, nikarudi jioni sijaonwa, nauli imekwenda. Bure yao ni ya ofisini, barabarani unalipa mwenyewe. Halafu wanakupima umaskini: una ekari ngapi, ng'ombe wangapi, mume anapata nini kwa mwezi. Inaudhi, ingawa naelewa. Na karatasi zote ni za Kiingereza. Katiba yetu tangu 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, lakini jaribu kutafuta fomu moja iliyoandikwa kwa Kiswahili. Namsifu karani wao mmoja, alikuwa akinisomea kila ukurasa kwa Kiswahili kabla sijatia sahihi.

Siku niliyoonwa, dada wakili (kijana sana, nilitaka kuuliza kama hakuna mkubwa wake) aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mama, mlikuwa wangapi kwenye boda?" Nikasema wawili. Akanyamaza. Nikasema watatu, pamoja na dereva. "Na helmeti?" Sikuwa nayo. Akaandika yote. Akasema upande wa pili wataliuliza hilo, na hakimu anaweza kunipunguzia fidia kwa sehemu yangu ya kosa, kwa hiyo ni bora alijue yeye kwanza. Hapo nikamwamini.

Yeye ndiye aliyenitoa ndoto za bima. Ile stika ya kwenye kioo, watu wengi wanafikiri ni hazina. Bima hiyo ya lazima haizidi shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja aliyeumia. Vyuma peke yake vilinigharimu zaidi. Pesa kubwa ilibidi itafutwe kwa mwenye pikapu, kwa sababu dereva alikuwa kazini kwake, na mwajiri hubeba uzembe wa dereva wake akiwa kazini.

Kazi iliyobaki ilikuwa makaratasi, na hapa nusura nishindwe. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, nilikuwa nayo kwa bahati tu, imekunjwa ndani ya Kurani ya mama. Risiti za dawa, nusu zilikuwa zimetupwa. Ripoti ya ajali ya polisi niliifuata mara 4 naambiwa mwenye ufunguo hayupo. Kituo kilipoandika barua, ufunguo ukapatikana siku ileile.

Barua ya madai ilikwenda kwa mwenye gari, akaidharau. Kesi ikafunguliwa kwa hakimu hapahapa Tororo, maana wakati huo hakimu mkuu alikuwa anasikiliza madai hadi milioni 50, hakukuwa na haja ya kwenda Kampala. Kabla ya kusikilizwa tukapelekwa kwenye usuluhishi, kama ilivyo kawaida ya kesi za madai. Mzee wa pikapu akaja na wakili wake na lile swali la watu watatu kwenye boda. Dada wakili wangu wala hakushtuka. Tukamaliza kwa milioni 6 na laki 5, kwa awamu tano. Broka aliniahidi milioni 40.

Nyota ningewapa nne. Ya tano nimeiacha kwenye ile foleni, na kwa kuwa simu yao haipokelewi baada ya saa nane.

Awamu mbili nimeshapokea, ya tatu ilichelewa siku 19 mpaka wakamkumbusha. Ushuru wa meza sokoni nimelipa, na nimerudisha robo ya vitenge. Mzee huwa anapita na pikapu ileile, anapunguza mwendo, anauliza, "Mama, mguu waendeleaje?" Namwambia unauma kukiwa na baridi.