Waliotuandalia nikaha, Ngamiani Tanga: nitawaita tena

Binti yangu ni muuguzi. Wenzake wa wodini, waliochangia tangu kikao cha kwanza, wengi ni Wakristo, nao wamekesha naye zamu za usiku miaka sita. Nimeshaona harusi zetu ambako wageni wa namna hiyo huwekwa nje ya turubai wakasubiri pilau tu. Mimi sikulitaka hilo kabisa.

Nikawachukua akina mama wa Ngamiani wanaofanya mapambo, mapokezi na upishi pamoja. Laki nane na nusu, vyakula juu yangu. Kiongozi wao alipokuja nyumbani, swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada yangu, wasio Waislamu ni wangapi, na wanaume wangapi?" Hapo moyo ukatulia.

Alimtuma mumewe kwa imamu. Wanaume watano wakaruhusiwa kuingia msikitini na kukaa nyuma. Mmoja, rafiki wa bwana harusi tangu chuo, alitamani awe shahidi. Haikuwezekana, mashahidi wawili wa nikaha lazima wawe Waislamu, na imamu alimweleza mwenyewe kwa upole. Basi wakampa kazi nyingine: kutembea ubavuni mwa bwana harusi kutoka msikitini hadi kwetu. Mashangazi walipoziba mlango wakidai pesa ya kufungua, ni yeye aliyepatana nao. Alipatana vizuri, tulicheka sote.

Wanawake walipokewa kwa mtandio, kikuba cha asumini na moshi wa udi. Msichana mmoja wa kikundi alikaa katikati yao akiwaeleza kila hatua: kwamba bibi harusi haendi msikitini, anayemwozesha ni baba yake, ila kwanza baba humjia chumbani kumwomba idhini. Muuguzi mwenzake, Mlutheri, alikuwa kando yake kitandani wakati huo. Baba aliuliza, mwanangu akanyamaza kwa machozi, mwenzake akamshika mkono mpaka sauti ikatoka: "Nimekubali, baba." Nimeoza mabinti wawili sasa, na hakuna dakika niliyoiona nzuri kama hiyo.

Kasoro zipo. Mitandio ilipungua, nikatoa khanga zangu kabatini. Kombe, yaani mlo wa harusi, nalo lilichelewa, adhana ya magharibi ikatukuta chakula hakijatoka. Sisi tukaenda kuswali, wageni wetu wakabaki peke yao barazani, hawana hata kikombe cha chai. Hilo liliniuma, maana ndilo hasa nililolikimbia. Nilimwambia kiongozi usiku ule ule, hakujitetea. Tumekubaliana kwamba kabla ya adhana kahawa na halua viwe vimeshafika mbele yao, na awepo mtu wa kukaa nao, msichana asiyeswali kwa kuwa yuko katika siku zake au mmoja wa wapishi wao ambaye ni Mkristo.

Mdogo wake bibi harusi anaolewa mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Nimeshawapa kianzio.