Gonga Chesisi Kwanza: 4x4 ya Zamani au ya Karibuni kwa Safari za Porini?

Bisibisi ya fundi ilizama kwenye chesisi ya Prado yangu mpaka kwenye mpini, na hakuwa ametumia nguvu. Gari lilikuwa juu ya shimo, gereji moja ya mtaani Unga Limited hapa Arusha. Nilikuwa nimelipeleka linyanyuliwe kwa springi ndefu na lifungwe bampa la chuma la kubebea winchi. Fundi alikuwa anatafuta chuma safi cha kuchomelea breketi, akakwangua rangi nyeusi juu kidogo ya ekseli ya nyuma. Rangi ikabanduka pamoja na chuma chake, tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Dada, hapa hapachomeleki."

Ilikuwa Prado 120 ya mwaka 2004, namba mpya, rangi ya lulu, viti havijachanika hata uzi. Kabla ya kulipa nilikagua injini, nikasikiliza giaboksi, nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu. Uvunguni nilimulika kwa tochi ya simu, nikaona peusi tii panang'aa, nikaridhika. Weusi ule ndio uliokuwa umefunika kutu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue 4x4 ya zamani au ya karibuni kwa ajili ya kuitengeneza iende porini, mimi naanza na swali lingine: hilo gari limekaa wapi misimu ya baridi? Hokkaido, Tohoku, Niigata na sehemu nyingine za Japani zenye theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi hupenya kwenye matundu ya chesisi, yanakaa humo na tope, yanakula chuma kutoka ndani kwenda nje. Ukija kuiona kutu kwa nje, ndani imeshamaliza kazi.

Na dizeli kuukuu ndizo za kuogopa zaidi. Japani ina sheria ya moshi inayozuia dizeli za zamani kusajiliwa kwenye maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya. Zilizobaki zikitembea zilibaki mikoani, na baadhi ya mikoa hiyo ndiyo ya theluji. Ile dizeli yenye kilomita chache unayoiota usiku inaweza kuwa imekula chumvi miaka kumi na tano.

Watu wanabishana injini gani, mimi nasema injini inabadilishwa. Giaboksi, difu, shokapu, vyote vinapatikana. Chesisi ina namba iliyochapwa juu yake, na namba hiyo iko kwenye kadi ya gari. Tena kila unachoongeza kinaining'inia yenyewe: bampa, winchi, tangi la pili, hema la juu, mapipa ya maji. Siku umezama kwenye tope jeusi na winchi inavuta tani kadhaa, mvuto wote unapita kwenye hicho chuma.

Namna ya kukagua ni hii. Gari lipande juu ya shimo au lifti, usikubali kuinama tu pembeni ya barabara. Shika nyundo ndogo, gonga kuanzia nyuma: pale chesisi inapopanda juu ya ekseli, kwenye mashikio ya mikono ya ekseli, halafu nyuma ya tangi la mafuta. Chuma kizima kinaita ngi! Kilicholiwa kinajibu bu, kama unagonga debe lenye unga. Kisha ingiza kidole kwenye matundu ya ubavuni mwa chesisi, ukwangue kwa ukucha. Ukitoa vumbi ni salama, ukitoa magamba ya kahawia achana nalo. Na ukikuta rangi mpya nyeusi chini ya gari lenye miaka ishirini, muulize aliyeipiga alikuwa anaficha nini.

Sasa nipange. Mimi ni mtu wa Toyota na sifichi.

La kwanza ni Land Cruiser Hardtop, familia ya 70 iliyoanza 1984, yenye injini ya 1HZ. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Ni nzito kuchanganya na kwenye mlima utapitwa na Noah, lakini dizeli ya kwenye madumu ya Loliondo inaimeza na safari inaendelea. Badilisha mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000 na usimruhusu mtu akuambie bado unadai. Zilizotoka kabla ya mwishoni mwa 1999 zina springi za majani mbele na nyuma, baadaye mbele zikawekwa za mviringo. Za majani zinakurusha, ila jani likikatika unapata la kuunga hata Mto wa Mbu.

Kwenye Hardtop kutu huanza juu: mfereji wa maji wa paa na fremu ya kioo cha mbele. Hiyo inachomeleka. Cha kuogopa hapa Arusha ni zile zilizorefushwa kwa ajili ya watalii. Chesisi imekatwa, ikaongezewa kipande, ikachomelewa, halafu gari likapiga makorongo ya Ngorongoro na matuta ya Serengeti miaka kumi. Tafuta ufa pembeni ya mchomeleo, mwembamba kama unywele, mara nyingi una mstari wa kutu unaochuruzika. Bora ile iliyotoka kwenye shirika au mradi wa hospitali. Nyingi ziliingia Afrika zikiwa mpya, hazikuwahi kuonja theluji, na chesisi zake huwa kavu hata kama viti vimeisha. Fuatilia minada.

Bei zake sasa zinaniuma. Hardtop ya miaka ya tisini inauzwa kuzidi Prado iliyozaliwa miaka kumi baadaye, na muuzaji anakutajia bei huku anatazama pembeni, kwa sababu anajua kuna kampuni ya utalii itakayolipa. Mwananchi anayetaka gari la kwenda nalo shamba Kiteto ameachwa nje.

Ndiyo maana la pili, Land Cruiser 80, ndilo ninaloshauri wengi walinunue, na ndilo nililonunua baada ya ile Prado. Lilianza kutoka 1990. Ekseli ni nzima mbele na nyuma, yaani boriti moja toka gurudumu hadi gurudumu, springi ni za mviringo kote, kwa hiyo linatembea kwenye mawe kama paka na bado unalala safarini Dar bila mgongo kuuma. Baadhi yalitoka kiwandani na difu loki za mbele na nyuma, zinazofunga magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja, ukilipata la hivyo chukua. Lenye 1HZ ni lile lile la amani. Lenye turbo la mwanzo, 1HD-T, lina ugonjwa wa beringi za konrodi, zibadilishwe kabla hujaanza safari ndefu. Kutu yake itafute kwenye kona za nyuma chini ya mlango wa mizigo. Ukikosa 80, tafuta Land Cruiser 105, yenye umbo la Land Cruiser 100 lakini ekseli ya mbele bado ni nzima.

Nissan Patrol Y61 yenye injini ya TD42 ni gari la kiume kweli kweli, na bei yake ina huruma. Iliyo na ZD30 ya lita 3.0 ipishe.

Land Rover Defender najua ina wapenzi wake mji huu, na 300Tdi ni injini ya heshima. Lakini bodi yake ya alumini inadanganya macho. Alumini haishiki kutu nyekundu, basi unaona gari safi huku chesisi ya chuma iliyo chini yake, hasa boriti la mwisho la nyuma, imebaki ganda. Pale alumini inapogusana na chuma ndipo hali inakuwa mbaya zaidi. Gonga mara mbili.

Za karibuni sasa. Prado 120 na 150 ni magari mazuri ya familia, ila mbele hayana ekseli nzima, na ile 120 nimeshakueleza. Ya dizeli ya D-4D ina nozeli zinazochukia mafuta machafu, na seti moja inaweza kukumalizia bajeti ya matairi. Ukiipata ya petroli ya lita 2.7 yenye chesisi safi, kwa safari za wastani itakutosha. Prado 90 ya dizeli ya 1KZ hupasua silinda hedi ikipata moto, sishauri. Land Cruiser 200 kwa porini ina umeme mwingi mno kwa fundi wa Karatu.

Kwa mfuko mdogo kuna Suzuki Jimny, ina chesisi yake na ekseli nzima. Pajero iliyotoka kuanzia 1999 haina chesisi ya kujitegemea, basi.

Kuhusu pa kununulia, nimefika mahali ambapo nasema hivi: la zamani nunua lililokwisha kuwa hapa nchini, la karibuni agiza mwenyewe. Ukiagiza gari la abiria lenye zaidi ya miaka 10, TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na lenye miaka 8 hadi 10 asilimia 15, juu ya kodi nyingine zote. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata senti. Wakenya hawana hata hiyo nafasi, kwao lililozidi miaka 8 haliingii. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada ya Kijapani yenyewe, ile inayoeleza hali ya gari, usikubali tafsiri ya muuzaji. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa, na namba inayofuata ikiwa kubwa ndivyo hali ilivyo mbaya. Soma pia maandishi ya pembeni kwa simu yako, ndiko wanakoandika habari za uvunguni.

Mimi karatasi hiyo niliiomba. Yadi niliyonunua, Dar, waliniambia imepotea bandarini. Nilipotaka gari lipandishwe juu ya shimo, kijana akacheka akaniambia, "Dada, mlete shemeji aje aangalie." Baadaye nilipopiga simu kuhusu kutu wakanijibu kwamba gari ni namba E, litakuwaje na kutu. Namba E inakuonyesha lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuonyeshi lilizaliwa lini wala lililala wapi, na hao watu wanalijua hilo kuliko mimi na wewe, lakini ndilo neno la kwanza linalotoka midomoni mwao kila siku.

80 yangu ni ya 1994. Niliigonga kutoka bampa hadi bampa kwa dakika arobaini, mwenyewe akiwa amekaa pembeni anakunywa chai, hakuninunia. Wiki ya kwanza nilisukuma maji ya presha ndani ya chesisi kupitia kila tundu mpaka yakatoka meupe, nikaiacha juani siku mbili, nikapulizia oili ndani kwa mpira mrefu. Breketi za winchi fundi yule yule alizichomelea asubuhi moja.