Chai nyeusi ya mawaridi, tumeionja na bibi Pemba

Nimeinunua sokoni Darajani, Unguja, pakti ya gramu 100 kwa shilingi 15,000, majani meusi ya China yamechanganywa na mawaridi makavu, nikavuka nayo mpaka Wete kwa bibi. Nilimtaka yeye hasa kwa sababu mtu alotunga asumini na kufunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, umri wake wote humdanganyi kwa harufu ya ua, na mie nilitaka kujua hii ni waridi kweli au manukato tu yamepulizwa.

Kufungua tu pakti bibi akasema, "Lo, mjukuu wangu, hapa pananukia maulidi!" Na kweli, ni ileile harufu ukinyunyiziwa marashi kwa mrashi. Akachukua waridi moja akalisugua kiganjani, akanusa, akasema ua la kweli hili.

Mara ya kwanza tumeimwagia maji yalotoka kuchemka tukaifunika dakika 3, bila sukari. Majani yenyewe ni marefu yamesokotwa, siyo ile chembechembe yetu ya bara inayotoa rangi hapohapo, hii inataka kusubiriwa. Rangi nyekundu ya kupendeza, chai laini, halafu ukishameza ndo waridi linakuja, linabaki kooni muda. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia nimuongeze.

Ya pili tukaipika kama tulivyozoea, birikani na iliki na mdalasini, sukari ya kutosha. Hapana jamani. Waridi limepotea kabisa, kilichobaki ni ukakasi, maana majani meusi ukiyachemsha sana yanatoa uchungu wote ulomo ndani. Maziwa nayo yanaifunika harufu. Kama wataka chai ya viungo tumia majani ya kawaida tu, ya bei rahisi, hii utaiharibu bure.

Sasa utamu wa mambo ni huu. Bibi akatoa halua, ya Wete hapohapo, akasema tuinywe kama kahawa. Vikombe vidogo vya kahawa, chai kavu bila sukari wala maziwa, tonge ya halua kwanza halafu funda. Wallahi sijapata kunywa chai ikakaa vizuri na kitu hivi, ile iliki ya ndani ya halua inalipokea waridi, sukari iko mdomoni tayari na uchungu kidogo wa chai unakata mafuta. Tulikunywa mpaka birika likaisha na bibi akawa ananihadithia harusi za zamani. Kwa barza ya jioni baada ya laasiri ndo mahali pake, asubuhi na vitumbua mie singeinywa, ni nyepesi mno.

Na tafadhali, kwa walioko Pemba hasa, msiiweke karibu na karafuu. Majani ya chai yanavuta harufu, hata hayo mawaridi yameingia kwa njia hiyohiyo, majani yanalazwa pamoja na maua mpaka yashike. Msimu wa karafuu ukiiacha wazi ndani ya nyumba utakunywa karafuu. Itie kwenye kopo la bati linalofunga sawasawa.

Bei ni kubwa, sikatai, lakini majani yale yale tuliyamwagia maji mara ya pili na harufu bado ilikuwepo. Bibi nimemwachia pakti yote, ntanunua nyengine.