Utosi uliokuwa ukiwaka: miezi 14 ya matibabu ya nywele Moshi

Ukinikuta Majengo ukaniuliza dawa gani imenirudishia nywele, nitakujibu kwamba za katikati hazijarudi na hazitarudi. Nilichopata kwa miezi 14 ni utosi uliotulia. Aliyewahi kukesha kichwa kikimwaka kama kimepakwa pilipili anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Ilianza miaka minne kabla ya matibabu. Nywele za katikati zilikuwa zikikatika na kubaki fupi, huku za pembeni zikifika mabegani. Msusi wangu ndiye aliyeona kwanza. "Dada, hapa katikati pamepungua," akasema, akanishauri tupumzike kuweka dawa ya kunyoosha nywele. Nikaiacha, nikaanza kupaka kila nilichoambiwa: mafuta ya mnyonyo, maji ya kitunguu, shubiri mbichi. Duka moja la vipodozi likaniuzia krimu ya kopo lisilo na lebo. Kuwasha kukatulia wiki tatu, kisha kukarudi kwa nguvu zaidi. Zahanati niliyokwenda wakasema ni mapunye, nikamaliza vidonge vya fangasi bila mabadiliko yoyote. Zaidi ya shilingi 300,000 zilikwenda kabla sijakutana na mtu aliyekimulika kichwa changu kwa taa.

Huyo nilimkuta hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi tunachokiita RDTC. Sisi wa Moshi tunapita pale kila siku na hatujui tulicho nacho. Kituo kipo tangu 1992, kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ndiko yalikoanzia kutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Mimi kwa miaka yote sikuwaza kwamba nywele nazo ni kazi ya daktari wa ngozi.

Daktari aliuliza mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, hapa panawaka? Nikigusa panauma?" Nilitokwa na machozi. Akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, akanionyesha. Pembeni vinyweleo vinaonekana, kila kitundu na unywele wake. Katikati ngozi imekuwa laini, inang'aa, vitundu vimeziba. Pale tayari ni kovu.

Nikapimwa damu, ikiwemo wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo, kisha wakakata kipande kidogo cha ngozi ya kichwa wakapime. Usiogope kipimo hiki. Sindano ya ganzi ndiyo inayouma. Kipande chenyewe kina upana wa milimita 4 tu. Majibu yakaja na herufi nne: CCCA. Ni ugonjwa unaoanzia utosini na kutanuka kwenda nje, na huwapata zaidi wanawake weusi. Mwili unashambulia kinyweleo kwa ndani hadi kinageuka kovu, na kikishageuka hakuna mafuta wala kidonge cha kukifufua. Matibabu ni kuzima moto kabla haujazifikia nywele zilizobaki.

Nilipewa doksisaiklini, ile doksi tunayoijua sote. Jirani alishangaa, doksi ya nini kichwani? Hapa haitumiki kuua vijidudu, inatumika kutuliza uvimbe wa ndani. Imeze baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na usilale muda huo huo. Mimi nililala siku moja, koo likaniuma siku tatu. Pia inafanya ngozi iungue haraka na jua, kwa hiyo kofia au kitambaa ni lazima.

Sindano za triamsinoloni, nazo za kutuliza uvimbe, zinachomwa kwenye ngozi ya kichwa, nyingi na ndogo, kila baada ya wiki chache. Zinauma, sitakudanganya. Lakini baada ya raundi ya pili nililala usiku mzima bila kujikuna, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

Minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya kuchochea nywele ziote, ndiyo iliyonitia hofu. Wiki za mwanzo nywele zilinyonyoka zaidi, nikataka kuitupa. Bahati nzuri nilikuwa nimeonywa: nywele zilizochoka hutoka kwanza kupisha mpya. Mwenye mimba au anayenyonyesha asiiguse. Na ujue ni dawa ya kuendelea nayo. Ukiacha, kile ilichokishikilia huanguka ndani ya miezi michache. Ipange kwenye bajeti kama unavyopanga umeme.

Daktari aliponiuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye hali hii, nilisema hapana. Njiani kwenye daladala nikamkumbuka mama. Mama yangu wa Kibosho hajawahi kutoka bila kilemba, nasi tulijua ni uzee na heshima. Jioni nikamuuliza. Akafungua kilemba: utosi mzima mtupu. "Mwanangu, palikuwa panawaka tangu nimzae kaka yako. Nilimwambia nani?" Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye CCCA wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo inaweza kutembea kwenye ukoo. Kukaza rasta na dawa za kunyoosha vinahusishwa pia, lakini mama hajawahi kuweka dawa maishani mwake. Nilimpeleka. Nywele hazitarudi, ila kule kuwaka kumeisha, na ana miaka 68.

Sasa nimeacha doksi na sindano. Napaka klobetasoli, dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, mara mbili kwa wiki, kama nilivyoandikiwa, na minoksidili kila usiku. Kila tarehe 1 binti yangu ananipiga picha ya utosi pale pale, dirishani jikoni. Kipara hakijakua tangu mwezi wa tano wa matibabu, na ukingoni vimeota vinywele vifupi. Nasuka twende kilioni, mistari minene, bila rasta. Msusi tumeelewana: nikisema panauma anafumua na kuanza upya, hata kama wateja wamejaa.