Likide ya radiateri: nyekundu, waridi, kijani au maji ya ziwa? Tunazipima hapa Goma

Jambo sana ndugu zangu, wamama na wapapa mnaotutazama kutoka Himbi, Ndosho, Majengo, na nyinyi wa Bukavu mnaolalamika kila mara kwamba tunawasahau. Leo hakuna injini wazi mezani. Kuna chupa nne, sufuria moja ya zamani, na friji ya jirani yangu ambaye umeme wake una adabu kuliko wangu.

Tunazungumza juu ya likide ya radiateri, ile inayopoza injini. Mtu wa Dar es Salaam ataiita kulanti, na radiateri ataiita rejeta. Vitu ni vilevile, tusigombane.

Nianze na aibu yangu. RAV4 yangu ilitoka Japani, ikashukia Mombasa, ikafika hapa na likide ya waridi, safi kama juisi. Fundi wa kwanza aliyeigusa, siku ya kubadilisha pampu ya maji, aliimwaga yote chini akajaza maji ya bidoni. Nilipouliza akaniambia, "Papa, ile ni dawa ya baridi ya Wazungu. Hapa kuna theluji?" Nikanyamaza, maana neno lenyewe lilionekana lina akili. Baada ya miezi minane, tunapanda Kibumba na familia yote ndani, mshale wa joto ukakimbilia juu. Gasketi ya kichwa cha injini, ile mafundi wetu wanaiita joint de culasse, imekwisha. Na tulipofungua radiateri, vile vijia vyembamba vya maji vilikuwa vimeziba kwa kitu cheupe, kigumu, kama ndani ya birika la bibi.

Tangu siku ile mtu akiniuliza, "Nichukue nyekundu au kijani?" mimi ninamrudishia swali: utaichanganya na maji gani?

Mpwa wangu, sogeza simu hapa. Chupa ya kwanza, hii nyekundu, ni Toyota Long Life Coolant. Ni nzito, bado haijatiwa maji. Ya pili, waridi, ni Toyota Super Long Life Coolant, hii imekwisha kuchanganywa na maji kiwandani, nusu kwa nusu. Ya tatu ni hii ya kijani niliyoichukua Birere, kwenye maduka yetu, kwa bei inayochekesha. Jina lake sitalitaja, lakini soma karatasi yake pamoja nami: picha ya theluji, picha ya gari la mashindano, na hakuna kitu kingine. Haisemi imetengenezwa kwa kitu gani, haisemi imefuata kipimo gani. Ya nne mnaijua wote. Ni maji ya ziwa, nimeyachota asubuhi Kituku, pale ufukweni wenye bidoni za njano wanapopigana vikumbo.

Turudi kwa yule fundi na theluji yake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Kwenye kimo hiki maji hayangoji nyuzi 100, yanachemka karibu na nyuzi 95. Mama anayepika maharagwe hapa Goma analijua jambo hili bila kusoma fizikia, makaa yake yanamwambia. Sasa injini yako ikiwa na afya inafanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Unaona? Maji matupu hapa Goma yako mlangoni mwa kuchemka hata kabla hujaanza kupanda kilima.

Kinachokuokoa ni mfuniko wa radiateri. Ule mfuniko una springi, na kwenye Toyota nyingi utasoma juu yake 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha inayozuiliwa ndani. Ukiwa na mfuniko mzima wa 1.1, hapa kwetu maji yatafika karibu nyuzi 119 ndipo yachemke. Ukiongeza nusu ya glikoli, ambayo ndiyo moyo wa likide zote hizi, unapita nyuzi 125. Lakini mpira wa mfuniko ukikauka na kupasuka, presha inatoroka, unarudi kwenye 95 za maharagwe. Nimeona watu wakibadilisha thermostati, kile kimlango kinachofungulia maji njia injini ikipata moto, wakibadilisha feni, wakimlaumu hata mchawi, kumbe ni mfuniko. Kabla hujanunua chupa yoyote kati ya hizi, fungua mfuniko wako injini ikiwa baridi, utazame mpira wake. Ikiwa baridi, nimesema! Ukiufungua wa moto, yale maji yatakurukia usoni.

Na likide haifanyi kazi ya joto peke yake. Ndani yake kuna dawa za kulinda chuma, aluminiamu, na mipira ya pampu. Hizo dawa ndizo zinazochoka, ndiyo maana likide ina umri hata kama haijapungua. Nyekundu ya Toyota inabadilishwa kila miaka 2 au kilometa 40,000. Ya waridi, ile ya kutoka kiwandani inakaa mpaka kilometa 160,000, halafu kila kilometa 80,000. Tofauti ni kubwa, na tutaifikiria tukifika kwenye pesa.

Sasa sufuria. Jana usiku nimechemsha maji ya ziwa mpaka yakakauka yote. Tazameni chini. Huo utando mweupe si sabuni, ni chumvi na magadi. Ziwa letu limebeba karibu gramu moja ya madini katika kila lita. Fikiria dereva ambaye radiateri yake inavuja kidogo, anaongeza lita moja kila asubuhi. Maji yanatoka kama mvuke, madini yanabaki ndani. Kwa mwezi mmoja amemwaga ndani ya injini karibu gramu 30 za mawe. Na wengi wetu hapa Goma hata maji ya bomba ni ya ziwa hilohilo, kwa hiyo usiniambie wewe unatumia ya robine.

Hapa ndipo wale wanaonunua likide nzuri wanapokosea. Wajapani, Toyota mmoja wao, wanatia fosfeti ndani ya likide zao kulinda aluminiamu. Wazungu wengi wa Ulaya wanaikwepa fosfeti kwa sababu maji yao mengi ni magumu, yaani yana madini mengi, na fosfeti ikikutana na kalisi na magnesi nyingi inaweza kuganda na kushuka kama tope. Wao wanapenda silikati, ambayo nayo Wajapani hawaipendi kwa kuhofia mipira ya pampu. Kila mtu na maji yake. Sisi Ziwa Kivu limejaa magnesi. Kwa hiyo ukinunua hii nyekundu kwa dola zako nzuri, halafu ukaichanganya na maji ya Kituku, umeharibu dawa na umelisha radiateri mawe. Bora ungekula hizo pesa.

Mtu atasema, basi nitakinga mvua. Ah, ndugu yangu, mvua ya wapi? Ya hapa chini ya Nyiragongo? Ule moshi unaouona juu ya mlima unaingiza asidi na floridi ndani ya mvua yetu. Halafu mvua ipite juu ya bati lenye kutu, iingie kwenye pipa. Ziwa lina magadi, mvua ina asidi, na aluminiamu haipendi yote mawili. Mahali pengine mvua ingefaa. Hapa hapana.

Maji ya kuchemsha je? Kuchemsha kunaua vijidudu, madini yako palepale. Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini, ingawa ni machache. Maji yanayofaa ni yale ya betri, yaliyosafishwa, wanaita eau distillée, yako kwenye maduka ya betri na sola. Tafadhali soma chupa vizuri: yale MAJI ya betri, usichukue ASIDI ya betri. Chupa zinafanana kama mapacha, na muuzaji aliyechoka jioni anaweza kukupa yoyote.

Bon, tuje kwenye ile ya kijani. Nilimimina kidogo kwenye chupa ndogo, na kidogo cha waridi kwenye chupa nyingine, nikaziandika kwa kalamu, nikazifunga, nikazilaza kwenye friji ya kugandisha ya jirani usiku mzima. Friji kama ile inashuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda pale, unahitaji baridi ya nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Mpwa, lete.

Ya waridi, naigeuza... inatiririka. Nzito kidogo, lakini inatiririka.

Ya kijani... sikilizeni. Tok tok tok. Ni barafu. Jiwe! Hii ni maji na rangi, kama ina glikoli basi ni ya kuonjeshwa tu. Kwenye karatasi yake walichora theluji, na theluji imeonekana kweli.

Mambo mawili juu ya jaribio hili. Usilifanye kwa ile nzito isiyochanganywa, maana glikoli tupu inaganda hata kwenye nyuzi 13 chini ya sifuri, utamtukana muuzaji bure. Ichanganye kwanza na maji ya betri. La pili, likide isipoganda imekuambia tu kwamba glikoli imo. Haikuambii kama dawa za kulinda chuma zimo. Kwa hizo unategemea karatasi: tafuta namba ya kipimo, JIS K 2234 kwa vitu vya Kijapani, au ASTM D3306 ya Wamarekani. Karatasi inaweza kudanganya, najua, lakini isiyosema chochote imekwisha kukuambia yote.

Na tafadhali, wenye watoto. Glikoli hii ya etilini ni tamu, na ni sumu inayoua figo. Usiiweke kwenye chupa ya Fanta, usiimwage uani ambapo mbwa anaweza kuilamba. Chupa zangu zile ndogo hazirudi jikoni kwa mtu yeyote.

Rangi sasa, kwa haraka, kwa sababu mnaipenda sana. Rangi ni rangi tu. Nyekundu ya Toyota na nyekundu ya G12 ya Volkswagen ni watu wawili tofauti wenye shati moja. Honda wanatumia bluu, Mercedes na BMW nao wana bluu zao, na hizo si ndugu wa ile ya Honda. Ukichanganya aina zisizopatana, kwa bahati nzuri umri unapungua, kwa bahati mbaya inakuwa uji ndani ya radiateri. Kama hujui ndani ya gari lako kuna nini, usiongeze, mwaga zote uanze upya. Wenye Volkswagen, fuateni namba ya G iliyoandikwa kwenye kitabu. Wenye Fuso na malori makubwa ya dizeli, hii video si yenu. Silinda zenu zinatobolewa na mapovu, zinahitaji likide ya malori, tafuta ASTM D6210. Nitawatengenezea yenu siku nyingine.

Uamuzi wangu kwa gari dogo la Kijapani hapa Goma: chukua ya waridi, iliyochanganywa tayari. Najua mtasema unalipia maji. Kweli, nusu ya hii chupa ni maji. Lakini ni maji ambayo hapa kwetu ni shida kuyapata, na yanakuja yamekwisha kupimwa, hakuna kijana wa garaji wa kukutilia ya bidoni ukienda kununua chapati. Corolla au RAV4 inabeba kati ya lita 5 na 7, hesabu mwenyewe. Nyekundu ni nzuri kabisa, na kwa lita inatoka rahisi zaidi, ila kwa yule anayesimama mwenyewe pembeni na maji yake ya betri mkononi, na anayekumbuka kubadilisha baada ya miaka 2. Mimi najijua, sikumbuki. Nusu kwa nusu inatosha, usipite hapo ukidhani unaongeza nguvu, glikoli inabeba joto kidogo kuliko maji. Na usishuke chini ya theluthi moja.

Ukifungua bomba la radiateri chini, ujue karibu nusu imebaki ndani ya injini. Suuza kwa maji ya betri, washa, acha thermostati ifunguke, ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Halafu toa na yale maji ya kusuuzia yaliyobaki ndani ya injini, la sivyo yataishusha ya waridi chini ya ile theluthi. Ukijaza, pandisha gari mbele, pua ikitazama juu. Mawe ya volkano hatujayakosa. Fungua hita mpaka mwisho, hewa itoke yote. Kesho yake asubuhi tazama tena, lazima itakuwa imeshuka kidogo.

Papa mmoja wa taksi ameniandikia: "Nikikauka njiani kuelekea Sake, sina waridi wala maji ya betri, nifanye nini?" Papa, zima gari, ngoja lipoe sawasawa, weka maji ya kunywa ya chupa. Kama hakuna, weka hata ya ziwa, ufike nyumbani. Injini iliyoungua ni ghali kuliko chumvi. Lakini wiki hiyohiyo uyamwage, usuuze, utafute pale panapovuja.

Hii barafu ya kijani naifungia kwenye mfuko, kesho naipeleka Birere kwa aliyeniuzia. Mpwa, zima simu.