Uzoefu wangu: daktari safi, ila maji ya moto ni ya mwenye ufunguo

Nianze na mazuri kabisa, maana nikianza na yale mengine sitayafikia. Daktari wa mifupa wa hospitali aliyolazwa mama yangu yuko vizuri, tena sana, anaongea na mgonjwa mwenyewe siyo na faili, na operesheni ya mama imeenda salama, chuma kimekaa kwenye paja, sa hivi anatembelea magongo. Masista wengi nao wana roho nzuri. Kadi ya bima ilisoma bila longolongo. Haya, mazuri yameisha.

Mama alivunjika kipindi kile cha baridi, aliteleza akitoka kukata ndizi, na Tukuyu mnaijua, mvua haina likizo. Tukapewa rufaa kuja hospitali moja kubwa hapa Mbeya mjini, jina nalihifadhi. Kabla ya operesheni ikabidi avutwe mguu, yaani anafungwa plasta mguuni halafu kuna kamba yenye uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, hanyanyuki, hageuki ovyo, kila kitu kinafanyikia hapo hapo kitandani. Sista akaniita pembeni akanielekeza vizuri tu, dada, huyu mama usipomwangalia mgongo na makalio atapata vidonda vya kulalia, mpanguse kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mkaushe, shuka lisiwe na mikunjo wala unyevu. Nikaelewa. Na mlangoni mwa wodi kuna karatasi imepigwa lamineshen inataja huduma za mgonjwa aliyelazwa: chakula, kubadilishiwa shuka, tivii, maji ya moto masaa 24. Nimeikariri ile karatasi.

Sasa hayo maji ya moto yako kwenye kachumba mwisho wa korido, kuna hita kubwa na bomba, kachumba kana kufuli, na ufunguo kauvaa shingoni mama mmoja mhudumu kwa kamba ya kiatu. Ni Julai, Mbeya hii ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji ya bomba la kawaida ukinawa asubuhi vidole vinakufa ganzi, sembuse umpake mtu wa miaka sabini na kitu mgongoni.

Nikamfuata na besheni langu. Shikamoo mama. Marahaba. Naomba maji ya moto nimpanguse mgonjwa wangu, yule wa kitanda cha dirishani. Hata hajanitazama. "Maji yanatolewa saa kumi na moja alfajiri, yakiisha yameisha." Nikamwambia alfajiri mama alikuwa na maumivu makali, sista ndo kasema tumwache kwanza. "Basi kamwambie huyo sista akuchemshie." Na wakati ananijibu hivo yuko ndani ya kachumba kanipa mgongo, kafungulia bomba anajaza chupa yake ya chai, mvuke unapanda mpaka miwani inaingia ukungu, akaivua, akaifuta kwa pindo la gauni, akatoka, akafunga kufuli. Nikasema mama, hata nusu besheni tu. Ndo akanigeukia: "Hapa siyo hotelini mwanangu, mnaotaka kudekezwa si mngelipia gredi." Yaani wodi ya kulipia zaidi.

Jamani.

Nikaenda ofisi ya huduma kwa wateja, kijana wa watu akanisikiliza kwa adabu zote, akaandika kwenye daftari, akasema tutalifanyia kazi, na nadhani mpaka leo wanalifanyia kazi.

Aliyeniokoa ni dada wa kitanda cha jirani, anamuuguza shangazi yake wametoka Chunya, akaninong'oneza kwamba mama ntilie wa nje ya geti anauza maji ya moto. Kweli nikaenda, ndoo ndogo buku. Kurudi getini mlinzi kanisimamisha, ndoo haiingii, ndo utaratibu. Kinaingia nini sasa? Chakula. Basi nikageuza, mama ntilie akanimiminia kwenye chupa za chai, nikarudi nazo, mlinzi anauliza chai? Chai, kaka. Pita. Na ndivyo mama yangu alivyooga siku zote zile, maji yake yanaingizwa wodini kwa magendo huku hita ya hospitali inaunguruma mwisho wa korido.

Chakula cha hospitali sina neno nacho, maharage sana, tulikuwa tunaleta ndizi zetu. Tivii ipo na inawaka, rimoti hakuna anayejua ilipo.

Sasa sikia hii. Siku ya kuruhusiwa, tunasubiri faili lifungwe, si akaja yule mama mwenyewe, besheni limejaa maji ya moto, taulo begani. Kamwamkia mama yangu kwa Kinyakyusa, ugonile, mara wanacheka, mara wanaulizana ukoo, kumbe kwao Kiwira, majirani kabisa, ananiambia haya mpanguse bibi asafiri msafi. Wodi nzima wanasema ona roho ya huyu mama. Mi nilishukuru kwa mdomo ila moyoni ndo kwanza nikawaka upya. Kwa hiyo yalikuwepo! Kwa hiyo saa nne asubuhi bomba linatoka! Na yule shangazi wa Chunya asiyejua Kinyakyusa yeye apanguswe na nani?

Mama anasema nimwache, ni mtu mzuri kazi imemchosha, wodi yote ile kudeki yuko peke yake. Labda. Nilikuja hapa kutoa nyota moja, halafu nikimkumbuka daktari mkono unasita, nikikumbuka ile miwani inavyofutwa nataka nitoe sifuri. Wekeni mbili. Hapana, kliniki tunarudi pale pale mwezi ujao kupiga eksirei, wekeni tatu wasije wakatujua.

Mwenye mgonjwa wa mifupa ampeleke tu, hapa kwetu kwa mifupa sijaona kama pale. Ila kipindi cha baridi beba chupa za chai kubwa, mama ntilie ni yule wa mwavuli wa kijani upande wanaopaki bajaji, na umwambie mapema ni ya kuogea asije akakuwekea majani.