Dawati la mawakala, tawi la Mwanza: nyota nne

Naongoza chama cha mawakala wa bima hapa Mwanza. Mwaka jana kampuni ya bima tunayoiuzia bima zake ningeipa nyota moja. Kamisheni ilichelewa hadi miezi mitatu, na madai ya mteja wangu mwenye daladala yalilala mezani huku akinipigia mimi usiku. Tukaandika kila dai na tarehe yake, tukaomba kikao. Sasa tunakutana na meneja wa tawi kila mwezi, na dawatini yupo dada anayepokea simu kweli. Stika ya bima ndogo ya gari, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, inatoka palepale. Mteja anaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa simu yake. Nyota ya tano naishikilia: bima kubwa, inayolipa hata gari la mteja mwenyewe, bado inasubiri ukaguzi wa gari siku mbili.